Ukitaka Kuijua Kamera ya Kuvuta, Ijaribu Jioni

Muuzaji wa kamera huanza na "mara". Hii inavuta mara 50, ile mara 83, hii nyingine mara 125. Mteja anatoka dukani akiamini kwamba mwenye mara nyingi ndiye mwenye kamera. Kumbe namba hiyo ni hesabu ya kugawanya tu. Nikon Coolpix P900, iliyotoka mwaka 2015, ina lenzi inayoanzia milimita 4.3 na kuishia 357. Gawanya, utapata 83. Lenzi ya milimita 200 hadi 600 wanayobeba wapiga picha wa wanyamapori inavuta mara tatu tu kwa hesabu hiyohiyo, na sijasikia mtu akiiita dhaifu.

Nimeichukua P900 kama mfano kwa sababu ndiyo iliyowafanya watu wengi waamini kwamba kamera isiyobadilishwa lenzi inaweza kufika mbali kiasi kile. Ni ya lile kundi la katikati: si ya mfukoni, si ile kubwa ya kubeba na begi la lenzi. Zipo nyingi za mtumba siku hizi, na maswali ya kuiuliza ni yaleyale ya kumuuliza ndugu yake yeyote.

Nikon waliwezaje? Angalia kihisi, yaani kile kigae kinachopokea mwanga badala ya filamu. Cha P900 kina upana wa milimita 6.17 na kimo cha 4.55, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Filamu ya zamani ilikuwa 36 kwa 24. Kihisi kidogo hukata kipande kidogo cha taswira na kukijaza kwenye picha nzima, ndiyo maana milimita 357 zinafanya kazi ya milimita 2000. Ungetaka mvuto huo kwa kihisi cha ukubwa wa filamu na tundu la f/6.5, kama la P900 ikivutwa mpaka mwisho, lenzi ingehitaji kioo cha kipenyo cha sentimita 30 na zaidi, yaani sinia. Hapa sentimita 5.5 zinatosha, na kamera nzima pamoja na betri na kadi ina gramu 899. Mfuko wa sukari wa kilo moja unaizidi.

Jaribio la kwanza ni la ukali wa picha. Nilikwenda nayo Kunduchi, kwenye mikoko, saa moja na nusu asubuhi. Yangeyange alikuwa amesimama kwenye tope, hatua mia hivi kutoka nilipokaa. Kwa macho alikuwa nukta nyeupe. Nikavuta mpaka mwisho, akajaza zaidi ya nusu ya kimo cha picha, tone la maji likining'inia kwenye ncha ya mdomo. Kwa picha ya kutuma kwenye simu au kuchapa ukubwa wa daftari, sikuwa na la kudai. Nilipoifungua nyumbani kwenye kompyuta na kuikuza, manyoya ya kifuani yalikuwa kama pamba iliyolowa.

Hilo halitokani na uzembe wa kiwanda. Mwanga ni mawimbi, na ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika. Nukta moja ya nje haitui kwenye kihisi kama nukta. Inatua kama duara. Kwa f/6.5 duara hilo lina upana wa mikroni 8.7 hivi, wakati pikseli moja ya kihisi hiki cha megapikseli 16 ina mikroni 1.34. Nukta moja inamwagika juu ya safu ya pikseli zaidi ya sita. Ukiongeza megapikseli, unachora duara lilelile kwa kalamu nyembamba zaidi. Juu ya hapo P900 haikupi faili ghafi: inaipika picha yenyewe, inafuta chenga pamoja na manyoya, inakukabidhi JPEG. P950 ya mwaka 2020 ilibaki na mvuto uleule lakini ikaruhusu faili ghafi. Kwa anayependa kuhariri, tofauti hiyo pekee inatosha kuongeza pesa.

Jaribio la pili ni la mkono. Wazee wa filamu walisema kasi ya shata isipungue urefu wa lenzi, kwa hiyo hapa ungehitaji 1/2000 ya sekunde. Mfumo wa kutuliza mtikisiko wa P900 umetangazwa kupunguza hitaji hilo kwa hatua tano, yaani unagawa kwa mbili mara tano na kufika karibu na 1/60. Usiamini kwa maneno. Tafuta jina lililoandikwa ubavuni mwa mashua, egemeza viwiko, piga picha kumi kwa 1/250 na kumi kwa 1/60, kisha uzihesabu zinazosomeka. Kumbuka pia kwamba mfumo huo hutuliza mkono wako; ndege haumtulizi. Yangeyange akigeuza shingo kwenye 1/60, umepata ukungu.

Na kumpata huyo ndege ni kazi nyingine. Mwisho wa mvuto, picha nzima inaona digrii moja tu ya upana. Akipiga hatua mbili umempoteza, unabaki ukitafuta kwenye mikoko kama aliyeangusha sindano. Ubavuni mwa lenzi kuna kitufe: ukikibonyeza lenzi inarudi nyuma uone eneo pana, ukikiachia inarejea ilipokuwa. Ningetoa mara 20 za mvuto kabla ya kukubali kukikosa.

Saa sita mchana niliielekeza kamera kwenye kisiwa cha Mbudya. Miti ilikuwa inacheza kama inayochemshwa. Ni hewa ya moto juu ya maji, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoifuta. Piga mapema asubuhi au usogee karibu. Kuna watu wanaodai dunia ni bapa walioipenda sana P900, wakisema inarudisha vyombo vilivyozama nyuma ya upeo wa bahari. Inachorudisha ni chombo kilichokuwa kidogo mno kwa jicho. Ukisimama na macho yako mita mbili juu ya maji, upeo uko kilomita 5 hivi, na ngalawa iliyokwisha kuzama nyuma yake unaiona tanga tu, uvute utakavyovuta.

Saa kumi na mbili jioni ndipo kamera hizi hukiri. Ili kumgandisha ndege kwenye kivuli cha mikoko nililazimika kupandisha ISO mpaka 1600, na chenga zikajaa. Hapo ndipo Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014 inaposhinda bila ubishi: kihisi chake kina eneo mara nne ya kile cha P900, na tundu lake mwisho wa mvuto ni f/4. Lakini inaishia milimita 400 kwa kipimo cha filamu. Ukikata picha yake ya megapikseli 20 ilingane na mvuto wa 2000, unabakiwa na megapikseli 0.8.

Na P1000 ya mwaka 2018, yenye milimita 3000? Mvuto umeongezeka kwa nusu nzima, ila kipenyo cha tundu, ambacho ndicho kinachoamua ukali, kimeongezeka kwa chini ya robo. Uzito umefika gramu 1415. Mwezi unajaa kwenye picha juu hadi chini, sawa, lakini mwezi utaupiga mara ngapi?

Kwa mpenzi wa ndege anayetoka asubuhi, P900 nzima bado ni chombo halali. Wa harusi na mpira wa jioni achukue FZ1000. Ukinunua ya mtumba, hasa hapa pwani, vuta lenzi mpaka mwisho, elekeza kwenye ukuta mweupe na upige, uone kama kuna madoa. Kisha mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka mbele. Nilipuuza hilo mara moja, nikauziwa kamera yenye kuvu ndani ya vioo, na lenzi ya aina hii haitoki ikasafishwa mezani.