Ukwepaji wa Noti ya Msingi katika Raga Marwa: Uhakiki wa Rekodi ya Amir Khan

Miongoni mwa rekodi za uimbaji wa khayal wa Kaskazini mwa India, santuri ya Ustad Amir Khan (1912–1974) yenye Raga Marwa upande mmoja na Raga Darbari upande wa pili ina nafasi ya pekee. Wasikilizaji wengi huisifu Marwa hiyo kwa utulivu wake. Hata hivyo, sifa hiyo haitoshelezi, kwa kuwa utulivu huo si pambo la mtindo bali ndio unaobeba maana ya raga yenyewe.

Marwa huimbwa wakati wa machweo. Haina noti ya tano, Pa. Noti ya pili, Re, hushushwa, na ya nne, Ma, hupandishwa. Raga Puriya na Sohni hutumia noti hizo hizo. Kinachoitofautisha Marwa ni uzito unaopewa Re na Dha, pamoja na desturi ya kuikwepa Sa, yaani noti ya msingi. Mghani akilegea kidogo na kuzitegemea Ga na Ni, tayari ameingia katika Puriya.

Hatari hiyo huongezeka mwendo unapokuwa wa polepole, nao ndio mwendo aliouchagua Amir Khan. Sehemu ya kwanza imejengwa juu ya jhumra, tala ya mapigo 14. Kwa sauti nzito, mghani anakaa katika noti za chini, anaizunguka Re, anateremka hadi Dha, na kuiahirisha Sa. Wakati huo huo, tanpura inavuma Sa bila kukoma. Hivyo basi, msikilizaji anayasikia makao ambayo mghani hayaingii. Maneno ya wimbo yanahusu mpenzi aliyekwenda nchi ya mbali. Kwa hiyo kutokuwapo kwa mpenzi na kuahirishwa kwa Sa ni jambo moja lililosemwa kwa njia mbili. Sa inapoguswa hatimaye, huguswa kwa wepesi, mithili ya msafiri anayechungulia mlangoni kisha akaendelea na safari.

Sehemu ya pili, ya mwendo wa kasi, inazungumzia haja ya mwalimu katika kupata maarifa. Hapa umahiri wa mghani katika kupangua na kupanga upya noti chache unadhihirika wazi. Aidha, usahihi wa raga haupotei. Hata hivyo, Re na Dha zinapopita upesi, ile hali ya kungoja hupungua. Kinachobaki ni kustaajabia ufundi.

Kwa jumla, rekodi hii inathibitisha kwamba raga haielezwi kwa orodha ya noti zake pekee. Katika Marwa ya Amir Khan, noti inayocheleweshwa ina uzito sawa na ile inayoimbwa, na uzito huo hauwezi kuhisika pasipo muda wa kutosha wa kuisubiri.