Pete Kwanza, Mfereji Baadaye

Kiini kile cha jino hakikustahili kutobolewa siku ile. Nasema mapema ili nisionekane nazunguka. Mliokuwapo kwenye kikao chetu cha madaktari wa meno mliiona video: gego la pili la chini, kulia, lililozibwa amalgamu pana miaka mingi iliyopita. Mgonjwa ni mama wa makamo anayetafuna upande mmoja tu, maana upande wa pili jino humshtua. Kijiti cha kung'atia kikawekwa kwenye ncha za gego, moja baada ya nyingine. Kwenye ncha ya nyuma upande wa ulimi aliuma kimya, akaachia, akaruka kitini. Baridi ilimuuma sekunde chache ikaisha. Kipimo cha fizi kilizama milimita 3 tu kila upande. Jino lilipogongwa, hakusikia kitu.

Daktari mwenzetu akaondoa amalgamu, akapaka methilini bluu, akamulika taa kutoka pembeni, na mwanga ukakatika penye ufa, ukingo wa nyuma. Safi kabisa. Kisha, bila kuvuta pumzi, akashika kichwa cha almasi akazama hadi kwenye kiini. Alipoulizwa sababu akajibu kwamba huwezi kujua ufa umefika wapi mpaka ufungue.

Tusimame hapo. Maumivu ya kuachia yana maana yake. Mtu anapouma, vipande viwili vya jino huachana kidogo. Mzigo ukiondoka, hurudiana kwa ghafla, majimaji yaliyomo kwenye vijibomba vya dentini yakasukumwa na neva ikashtuka. Huo ni ugonjwa wa mwendo, na ugonjwa wa mwendo hutibiwa kwa kuzuia mwendo. Baridi ya sekunde chache inasema kiini kimekereka lakini bado kina uwezo wa kupona. Fizi isiyo na mfuko mwembamba wenye kina inasema hakuna dalili kwamba ufa umeteremka kwenye mzizi. Majibu yote matatu yalikuwa mezani kabla ya almasi kuguswa. Alichotaka kukijua kwa kutoboa, alikuwa ameshaambiwa sehemu kubwa yake.

Kilichotakiwa ni pete. Bendi ya chuma ya othodontia inazungushwa kwenye gego na kugandishwa kwa saruji, ikalibana kama pete ya chuma inavyobana pipa la mbao. Mguso na jino la juu unapunguzwa, mgonjwa anarudi baada ya wiki 2 hadi 4. Maumivu yakiwa yamekoma, utambuzi umethibitika na kiini kimeokoka: vika kofia inayofunika ncha zote. Yakiwa yanamwamsha usiku, au baridi sasa inadumu, fungua mfereji na hakuna atakayekulaumu. Pete inamjibu daktari bila kumnyang'anya mgonjwa chochote.

Watetezi wa mwenzetu walisema ukumbini kwamba jino lingeishia kwenye mfereji tu. Mwaka 2007 Krell na Rivera wa Marekani walichapisha taarifa ya meno 127 yenye ufa ambayo viini vyake vilionekana vinaweza kupona. Yalivikwa kofia, na 27 ndiyo yaliyohitaji tiba ya mzizi ndani ya miezi 6. Karibu manne kati ya kila matano yalibaki na viini vyao. Anayetoboa siku ya kwanza anayatibu yote kana kwamba ni lile la tano.

Mwingine akanitajia Reeh na wenzake, waliopima mwaka 1989 kwamba kufungua njia ya mfereji peke yake hupunguza ugumu wa jino kwa asilimia 5 tu. Ni kweli. Lakini walipima magego madogo mazima yaliyong'olewa, yasiyo na ufa wala shimo. Aendelee kusoma taarifa hiyo hiyo: shimo linalokata kingo zote mbili, mbele na nyuma, hupunguza ugumu kwa asilimia 63. Gego letu lilikuwa na shimo la aina hiyo, na ndiyo maana kila mwaka narudia kwamba amalgamu pana isiyofunika ncha ni ufa uliowekewa miadi. Mnanichoka, lakini magego yanaendelea kupasuka.

Na tuache kuonyesha eksirei isiyo na kitu kana kwamba ni ushahidi kwamba hakuna ufa. Ufa unaotoka mbele kwenda nyuma umelala sambamba na filamu. Hauwezi kuonekana hapo hata ungekuwa mpana.

Cameron alipoupa ugonjwa huu jina lake mwaka 1964 hakuwa na kamera ya mdomoni wala picha za pande tatu. Walimu waliotufundisha nao hawakuwa nazo. Walichukua pete ya shaba, wakaichoma motoni ilainike, wakaikata kwa mkasi kufuata mstari wa fizi, wakaigandisha kwa saruji ya zinki, wakamwambia mgonjwa arudi. Walijua kusubiri. Leo kusubiri hakulipwi: kwenye fomu ya bima mfereji una mstari wake na bei yake, pete haina. Sisemi hilo ndilo lililomsukuma mwenzetu. Nasema linawasukuma wengi, na vikao vyetu vinapiga makofi.

Turudi kwenye gego letu. Mpira wa kutenga jino ulikaa vizuri na mifereji ilijazwa kwa ustadi. Halafu gego likazibwa kompositi, kofia ikaachiwa siku mgonjwa atakapopata fedha. Jino lenye ufa, lililotobolewa, likarudishwa kwenye ugali na nyama likiwa na ncha wazi!

Kofia na ivaliwe mwezi huu, hata kwa malipo ya awamu. Mguso upunguzwe leo. Kila miezi 6 kipimo cha fizi kizamishwe pale pale, ukingo wa nyuma. Siku kitakapodidimia ghafla mahali pamoja pembamba, ufa utakuwa umeshafika mzizini na jino litang'olewa. Atakayeling'oa aandike kwenye faili kwamba kiini chake kilikuwa hai siku ya kwanza, na hakikupewa hata wiki 2.