Nguvu Farasi 100 za Ziada

Kuongeza nguvu farasi 100 kwenye Ford Mustang 5.0 ya mwaka 1990 ni kazi ya Jumamosi moja. Mtungi wa naitrasi oksaidi unafungwa kwenye buti, paipu inapitishwa chini ya gari, solenoidi mbili zinakaa karibu na injini, swichi inatobolewa mahali pake, basi. Injini iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 225 sasa ina 325. Kinachonifanya niwavulie kofia mafundi wa Marekani wanaoandaa gari la kwenda nalo kazini Jumatatu, na kushindania nalo robo maili mwisho wa wiki, ni yale wanayoyaamua kabla ya kushika spana.

Naitrasi oksaidi yenyewe si mafuta. Haiungui. Inabeba oksijeni tu: kwa uzito, asilimia 36 ya gesi hiyo ni oksijeni, ilhali kwenye hewa tunayovuta ni asilimia 23 hivi. Joto la ndani ya silinda likipita nyuzi 300 hivi za Selsiasi, gesi inavunjika na kuiachia oksijeni yake. Oksijeni ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Petroli ikipungua wakati gesi inaingia, joto linapanda kupita kiasi, na pistoni ya alumini inaweza kutoboka kabla dereva hajafika mwisho wa mstari. Kwa hiyo fundi makini, ukimfuata na habari za naitrasi, atakuuliza kwanza pampu yako ya mafuta ni ya mwaka gani. Presha ya petroli hataipima injini ikiwa imetulia tu. Ataipima petroli ikiwa inapita, kwa sababu pampu iliyochoka huonyesha namba nzuri mpaka pale inapodaiwa kazi.

Kisha unakuja uchaguzi wa mfumo. Kwenye mfumo mkavu, gesi inapulizwa peke yake kwenye njia ya hewa, na sehemu ya presha ya mtungi inatumwa kuibana regyuleta ya mafuta ili nozeli zilezile za kiwandani zitoe petroli zaidi. Ni ubunifu wa kupendeza, na haubadilishi mengi kwenye gari. Lakini mzigo wote unaangukia nozeli ndogo na pampu iliyokusudiwa injini isiyo na gesi. Mfumo wa majimaji unaingiza gesi na petroli pamoja, kila kimoja kikipita kwenye jeti yake. Mimi ningechukua huu, ingawa una hatari yake: manifoldi ya Mustang ile ilichongwa kwa ajili ya hewa tu, na petroli ikinyunyizwa wakati hewa inakwenda polepole hutuama humo, kisha siku moja inawaka palepale. Kuna na mfumo wa tatu, wa kutoboa manifoldi na kuweka nozeli kwa kila silinda. Kwa nguvu farasi 100, huo ni mbwembwe.

Kinachonivutia kwenye mfumo wa majimaji ni zile jeti. Ni vipande vidogo vya shaba, vinaenea kwenye kiganja. Jeti iliyogongwa namba 52 ina tundu la inchi 0.052, yaani milimita 1.3 hivi. Na jeti haijui injini inazunguka kwa kasi gani. Kila sekunde inapitisha kiasi kilekile. Piga hesabu: injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila mpigo wa silinda unapata gesi mara mbili ya ule wa mizunguko 6,000. Anayefungulia gesi chini kabisa, kwa pupa ya kuondoka, anaisukumia pistoni kishindo ambacho hakuna aliyemwandikia kwenye karatasi ya maelekezo. Ndiyo maana kuna swichi inayokataa kufungua chini ya 3,000 na inayofunga kabla injini haijafika kikomo chake, na nyingine inayosubiri mguu ukanyage mafuta hadi mwisho.

Mchanganyiko wenye gesi huungua haraka, kwa hiyo taimingi ya cheche inarudishwa nyuma, kwa desturi nyuzi mbili kwa kila nguvu farasi 50. Ndani ya injini, ringi za pistoni zinahitaji mwanya mkubwa zaidi kwenye ncha zake, kama reli inavyoachiwa nafasi ya kutanuka jua likiwaka. Ncha zikigusana, ringi inavunja ukingo wa pistoni. Mwaka wa gari nao una maana hapa. Hadi 1992 Mustang hizi zilikuja na pistoni za kufuliwa, zenye kuvumilia. Za 1993 ni za kumiminwa, na hazisamehe.

Mtungi nao una adabu yake. Unalazwa lebo ikitazama juu na valvu ikielekea mbele, imeinuliwa kidogo, ili gari likichomoka gesi iliyo kimiminika ikimbilie nyuma, kwenye mdomo wa mrija wa ndani. Presha inayotafutwa ni pauni 900 hadi 950 kwa inchi ya mraba. Asubuhi ya baridi haifiki huko, hivyo mtungi unavishwa blanketi la umeme. Wapo waliotumia moto wa gesi ya kuchomelea, na mitungi ikalipuka.

Baada ya mbio injini inazimwa palepale, bila kuachwa ingurume, na plagi zinatolewa. Fundi anaweka lenzi jichoni. Kwenye kijiti kilichopinda juu ya ncha, joto limeacha mstari wa rangi: ukiwa karibu na ncha, taimingi imerudi mno, ukiwa kwenye kona ya kijiti, iko sawa, ukishuka hadi kwenye shina, imezidi. Halafu anageuza plagi kutazama kauri nyeupe. Vinukta vya kung'aa humo ni alumini, na alumini hiyo imetoka kwenye pistoni. Vikionekana hata kwenye plagi moja kati ya nane, taimingi inarudishwa nyuzi mbili, jeti ya gesi inashushwa saizi moja, na mwenye gari analalamika mpaka zamu yake ifike tena.