Hita ya Benzi Kuukuu na Baridi ya Sugoi

Mafundi wengi wakikuta rejeta ndogo ya hita inavuja, hukata kipande cha paipu, wakaunganisha hosi mbili zinazoingia ndani ya gari, na mwenye gari akaondoka siku hiyohiyo. Mombasa njia hiyo haina hasara. Sugoi inayo, tena kubwa. Asubuhi za Juni na Julai upande huu wa Turbo kioo cha mbele hushika ukungu kwa ndani, na hewa kavu yenye joto ndiyo huuondoa. Kufuta kioo kwa kiganja huku malori ya Malaba yakikujia ni hatari isiyolingana na shilingi zilizookolewa.

Tuchukue Mercedes W124, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambayo bado ina wapenzi wengi. Kwanza fundi ashike hosi zote mbili injini ikiwa moto na hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Moja ikiwa moto na nyingine baridi, maji hayapiti: huenda rejeta imeziba, au vali ya hita imekwama. Uvujaji una dalili zake: kapeti mbichi, kioo chenye utando wa mafuta, harufu tamutamu. Lakini harufu hiyo hutokana na kulanti. Gari lililozoeshwa maji ya kisima halina onyo hilo, na maji hayohayo ndiyo yanayoila alumini ya rejeta.

Kisha dashibodi nzima hutoka. Hapa ndipo subira inapolipa. Paneli ya saa za gari imeshikwa kwa kubana tu. Fundi mzuri hukunja ncha za spoki mbili za baiskeli, akazipenyeza pembeni na kuivuta polepole. Anayetumia bisibisi huvunja plastiki ya zaidi ya miaka 30, na kuipata nyingine ni safari. Nyuma ya dashibodi kuna vifuko vidogo vya hewa vinavyofungua na kufunga milango ya hita. Kila kimoja kivutwe hewa kwa pampu ya mkono na kupimwa wakati huo, kwa sababu kikipasuka baadaye dashibodi itatoka tena. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kufunga kila kitu kabla ya kupima rejeta mpya kwa shinikizo, na oringi za zamani zikiwa bado zimeachwa kwenye maungio.

Wakati wa kujaza, hita iwekwe kwenye joto la juu kabisa ili hewa iliyonaswa itoke, na kulanti ichanganywe na maji yaliyosafishwa. Kifuniko cha tangi la akiba la kulanti nacho kibadilishwe. Eldoret, mji ulio karibu na hapa, iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka huko kwenye nyuzi 93 hivi. Injini yenyewe hufanya kazi kati ya 80 na 90, kwa hiyo kifuniko kilicholegea hakiachi nafasi ya kupanda mlima na mzigo.