Umri wa Gitaa na Hukumu ya Mnunuzi

Miongoni mwa ala zilizotufikia kutoka ng'ambo, gitaa ni mojawapo ya zile zilizozoeleka upesi. Leo mwanafunzi wa sekondari hashangai kulikuta likipigwa kanisani, harusini au barazani. Lakini kukizoea chombo ni jambo moja, na kukihukumu ni jambo jingine. Linapotokea gitaa la zamani, ama kwa kuuzwa ama kwa kurithiwa, aghalabu husikika kauli mbili tu: "Ni la kale, kwa hiyo ni zuri," au "Ni la kale, litupwe." Kauli hizi zinapingana, lakini kasoro yake ni moja: zote zimetolewa kabla chombo hakijasomwa. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme, linavyosomwa na wajuzi wake, kisha kuhakiki vipimo vya wajuzi hao na kuona vinatufikisha wapi sisi wenyewe.

Tuanzie mahali ambapo elimu hii imekomaa. C. F. Martin, fundi wa Kijerumani, alihamia New York mwaka 1833, na mwaka 1839 akaenda kukaa Nazareth, katika jimbo la Pennsylvania. Karakana yake ikawa kiwanda, na tangu mwaka 1898 kiwanda hicho kimekuwa kikipiga namba ya mfululizo ndani ya kila gitaa, juu ya gogo dogo linalounganisha shingo na kiwiliwili. Hesabu ilianzia 8000. Mtu akichungulia kwa kurunzi katika tundu la sauti huiona namba hiyo, na kwa kuwa kiwanda kimetunza orodha, mwaka wa kuundwa hujulikana mara moja. Namba ya mwisho ya mwaka 1943 ilikuwa 86724, na ya mwisho ya mwaka 1944 ilikuwa 90149. Basi gitaa lenye namba 88000 ni la mwaka 1944.

Mnunuzi mvivu huishia hapo. Mhakiki hawezi, maana namba ni shahidi mmoja tu, na shahidi aweza kuhongwa. Yambidi awaulize mashahidi wengine. Chini ya ubao wa mbele wa gitaa yamegandishwa mataruma, ambayo ni vijiti vya kuutegemeza ubao usibonyezwe na mvuto wa nyuzi, kama vile mataruma ya jahazi yanavyoshikilia mbao zake. Martin walikuwa wakiyachonga mataruma hayo yawe na mabonde ili ubao upate wepesi wa kutikisika. Wakaiacha desturi hiyo mwishoni mwa mwaka 1944. Gitaa letu la namba 88000 lisipokuwa na mabonde hayo, sharti tuulize ni nani aliyelifungua, na kwa nini. Tena, kabla ya Vita Kuu ya Pili shingo zao zilitiwa ufito wa chuma ndani. Wakati wa vita chuma kilipokuwa adimu, mahali pake palitiwa ufito wa mti mgumu mweusi. Kwa hiyo sumaku ndogo ikipitishwa juu ya shingo ya gitaa la mwaka 1944 haitakiwi kunasa. Ikinasa, pana neno. Kwangu mimi hili ni somo zuri la historia kuliko kurasa nyingi za vitabu: upungufu wa chuma wa dunia nzima umejificha katika shingo ya ala ya muziki, na sumaku ya senti chache huufichua.

Magitaa ya Gibson, yaliyokuwa yakiundwa Kalamazoo, Michigan, humsumbua zaidi msomaji, kwa sababu katika miaka ya 1960 namba zao zilirudiwarudiwa bila mpango, hata namba moja ikaweza kuangukia miaka kadhaa. Hapo dalili nyingine ndizo zinazosema. Utepe wenye maneno ya kujisifu uliochorwa kichwani mwa gitaa ni wa miaka ya vita, 1942 hadi 1945. Maneno ya kueleza kuwa limeundwa Marekani, yakiwa yamegongwa nyuma ya kichwa, huonyesha kwamba gitaa si la kabla ya mwaka 1970, hata muuzaji akila kiapo.

Umri ukishajulikana, ndipo ununuzi uanze, nao una maswali yake. La kwanza ni shingo. Baada ya miaka mingi mvuto wa nyuzi za chuma huikunja pembe ya shingo, nyuzi zikapaa juu na vidole vikaumia. Weka rula ndefu iliyonyoka juu ya vyuma vidogo vya shingoni, uielekeze kwenye daraja. Ncha yake ikigonga chini ya ukingo wa juu wa daraja, jua kwamba shingo itabidi ing'olewe na kupachikwa upya, na kazi hiyo ni ya fundi bingwa, wala si rahisi. Kisha tazama kama daraja limeanza kubanduka na kama ubao wa mbele umevimba nyuma yake. Nyufa zilizozibwa vizuri zisikutishe sana. Vanishi mpya juu ya gitaa kuukuu ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa sababu hufuta alama zote tulizokuwa tukizisoma, na sokoni huishusha bei vibaya.

Mti nao una sheria zake. Hadi mwaka 1969 Martin walitumia rozudi ya Brazili kwa migongo na mbavu za magitaa yao mengi ya thamani. Mti huo, ambao ni wa jenasi moja na mpingo wetu, ulitiwa mwaka 1992 katika daraja la ulinzi mkali kabisa la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mpingo wenyewe uliingizwa pamoja na jamaa zake karibu wote katika daraja la pili mwaka 2017. Anayenunua gitaa la rozudi ya Brazili nchi moja na kulivusha mpaka bila kibali aweza kulipoteza forodhani.

Hadi hapo sina ugomvi na wajuzi wa ng'ambo. Usomaji wao ni wa makini. Ugomvi wangu ni juu ya bei wanayoijenga juu ya usomaji huo. Soko lao limeuchanganya uhalisi na ubora. Gitaa ambalo halikuguswa kamwe, hata kama halipigiki, hupewa heshima kuliko lile lililotengenezwa mara tatu kwa sababu lilifanya kazi kila usiku. Na juu ya uhalisi huo wameweka umaarufu wa mikono. Mwezi Juni 2020 gitaa la Martin la mwaka 1959 alilolipiga Kurt Cobain liliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 6, ingawa aina ile, iliyotobolewa ili kutiwa vifaa vya umeme, haikuwahi kusifiwa kwa sauti yake kavu. Kilichonunuliwa pale ni kumbukumbu ya mtu. Sikatai kumbukumbu zinunuliwe. Nakataa bei hiyo iitwe kipimo cha ala.

Mfano mwingine unatugusa kwa karibu. Mwaka 1999 liliuzwa London, kwa zaidi ya pauni 100,000, gitaa la kwanza la kijana John Lennon, alilokuwa akilipiga mwaka 1957. Lilikuwa la plaiwudi, la bei rahisi, na ndani yake lilikuwa na karatasi iliyoahidi kwamba halitapasuka. Jina lake lilikuwa Gallotone, kutoka kwa kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Magitaa hayohayo yalienea Afrika ya Kati na ya Mashariki, hata jina la kampuni likawa jina la ala: mpaka sasa wapo wazee wa muziki nchini Tanzania wanaoliita gitaa kavu lolote galatoni. Ule ulikuwa ndio wakati wa gitaa kavu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke, ajulikanaye kama Jean-Bosco, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Na upigaji ule wa Katanga, wa dole gumba na kidole cha shahada, ukasikika hadi Nairobi na kuigwa na vijana wengi. Plaiwudi iliyomilikiwa na Lennon imepata kabati la kioo. Zile zilizobeba nyimbo zetu nyingi zimeishia jikoni, zikawa kuni.

Mwalimu akiletewa galatoni, asitafute ndani yake thamani ya Martin. Autazame kwanza ukingo wa tundu la sauti: mti mzima huonyesha nyuzi zake zikiendelea mpaka ndani, ilhali plaiwudi huonyesha matabaka. Hilo si aibu. Matabaka ndiyo yaliyolifanya listahimili kiangazi ambacho kingelipasua gitaa la anasa. Kisha ayasome matengenezo, na hapa kanuni ya soko igeuzwe juu chini. Waya wa breki ya baiskeli uliofungwa mahali pa uzi uliokatika, msumari darajani, mchubuko shingoni ulioachwa na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi ili kupandisha sauti, pamoja na makwaruzo ya kucha karibu na tundu: hayo yote mkusanyaji wa ng'ambo angeyahesabu kuwa hasara. Kwetu ni maandishi ya mpigaji, nayo hueleza alivyopiga na alivyoishi. Fundi wa mtaani anayeyang'oa na kupaka vanishi ya kung'aa, kwa nia njema kabisa, amefuta ukurasa.

Kwa hiyo, kabla ya fundi kuitwa, aandike: gitaa lilinunuliwa duka gani na mji gani, nyuzi zilitegwa kwa mpango upi (maana wapigaji wengi walikuwa na mipango yao), na nyimbo zipi zilipigwa nalo. Mwenye gitaa akiwa hai, aombwe alitege mwenyewe na kupiga, hata kwa nyuzi tatu. Na ile karatasi ya ndani inakiliwe siku hiyohiyo, herufi kwa herufi, kwa sababu gundi yake imeshakauka, nayo huanguka pindi gitaa linapogeuzwa.