Kuihadaa Mashine Isiyojua Kungoja

Mashine ya gemu iliyowafikia watoto wengi wa Tanzania haikuwa ile ambayo Nintendo ilianza kuiuza Japani mwezi Julai 1983 kwa jina la Famicom, bali nakala yake, iliyotoka viwandani pasipo idhini ya mwenyewe, ikapita bandarini na madukani hata ikafika katika minada ya Usukumani, ikiwa na pedi zake mbili, waya wa televisheni, na kaseti ya manjano yenye kunadi kwa maandishi makubwa kwamba ndani yake mna gemu 9999999, ilhali mna chache tu zilizorudiwarudiwa kwa majina mengine. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, na Bara ikangoja hadi 1994. Basi majumba mengi ya Bara yalizoeana na mashine hii karibu wakati ule ule yalipozoeana na kioo chenyewe.

Nakala hiyo hudharauliwa, nami sioni sababu. Mashine halali iliyopelekwa Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES ilikuwa na tundu la meno 72, na ndani yake chipu ya ulinzi ambayo kazi yake ilikuwa kupeana ishara na chipu mwenzake iliyomo katika kaseti, na isipojibiwa ipasavyo huianzisha mashine upya, tena na tena, bila kuchoka. Famicom ya Japani, na nakala zake zilizotufikia, zina tundu la meno 60 wala hazina mlinzi. Kwa ajili hiyo fundi aliyeko Migato, katika wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, akitaka kuunda kaseti yake mwenyewe ya kupakiwa gemu aitakayo, hukuta mlango wazi pale ambapo mwenziwe wa Chicago hukuta kufuli.

Yafaa kwanza ijulikane kaseti ni kitu gani. Wengi hudhani kwamba mashine huichukua gemu kutoka katika kaseti na kuiweka kwake, kisha ikaicheza kwa nafasi yake. Sivyo. Kumbukumbu ya mashine yenyewe ni kilobaiti 2 tu kwa prosesa na 2 nyingine kwa picha, na kwa hiyo kila amri inayotekelezwa na kila kipande cha picha kinachochorwa huulizwa katika kaseti papo hapo: prosesa hutaja anwani kwa meno 15 na kaseti hujibu kwa meno 8, na wakati huo huo chipu ya picha nayo huuliza yake kwa meno mengine, katika njia iliyo mbali na ile ya kwanza. Prosesa hupiga mapigo yapatayo milioni 1.8 kwa sekunde, maana yake pigo moja ni nanosekunde 560 hivi, na katika hizo kaseti hupewa kiasi cha 350 tu za kunena. Chipu ya picha ina haraka zaidi, kwani hutoa nafasi isiyofika nanosekunde 200. Wala hakuna jino hata moja, katika yote 60, ambalo kwalo kaseti yaweza kuiambia mashine ingoje.

Hapo ndipo liangukapo wazo la kwanza la kila kijana mwenye bodi ya Arduino, la kuifanya ijibu mahali pa kaseti. Chipu ya ATmega328 iliyomo humo hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, kila moja nanosekunde 62.5, katika muda wa kujibu hupata mapigo matano na kitu, na kule kukatizwa tu, ili iache iliyokuwa ikiifanya, huigharimu yasiyopungua manne. Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021, ina wepesi wa kutosha kabisa, lakini hutoa meno 26 tu ya kutumia, ilhali njia mbili za kaseti zadai zaidi ya 40. Fauka ya hayo husema kwa volti 3.3 na mashine husema kwa 5.

Mpango nilioufuata ni wa kizamani: chipu nyepesi isiyo na akili ipewe kazi ya kujibu, na yenye akili lakini nzito ipewe kazi ya kupakia, wala zisikutane kazini. Za kujibu ni chipu mbili za kumbukumbu za namba 62256, kilobaiti 32 kila moja, ambazo hujibu kwa nanosekunde 70, nazo huweza kubanduliwa katika printa na mashine za faksi zilizokufa. Moja hubeba programu, ya pili hubeba picha, ambazo hazihitaji zaidi ya kilobaiti 8. Kaseti hutolewa katika mashine, huunganishwa na Arduino ambayo huzijaza chipu hizo baiti kwa baiti, kisha hurudishwa mahali pake, na betri bapa ya volti 3, ya namna ya CR2032, huzihifadhi zisisahau njiani. Hapa pana hila ya kuangaliwa: mashine iliyozimwa huyavuta meno yake chini, na chipu ikadhani inaitwa, ikainywa betri usiku kucha. Dawa yake ni geti la familia ya 74HC, nalo likilishwa na betri hiyo hiyo, ambalo huufunga mlango wa chipu pindi volti 5 zinapotoweka. Jino la kuandikia nalo sharti livutwe juu kwa rezista ya kilo-omu 10, ili mkono wa Arduino pekee ndio uweze kulishusha.

Ama meno yenyewe, hayachongwi. Huchukuliwa katika kaseti ya manjano iliyoharibika. Ndani mna bodi ndogo yenye meno 30 kila upande na tone la gundi jeusi lililoificha chipu. Kwa ncha ya wembe hukatwa kila mstari wa shaba uendao kwenye lile tone, ukaachwa mmoja tu: uungao jino la 45 na la 46, kwa kuwa katika Famicom sauti hutoka kwenye mashine, ikaingia katika kaseti, ikarudi kwa jino la pili, na aliyeukata hucheza gemu bubu. Kisha huanza kulehemu, waya mmoja kwa kila jino, kazi isiyo na elimu kubwa ila yataka macho na subira.

Faili la gemu huanza kwa baiti 16 za utangulizi, ambazo mashine haizijui, na sharti zirukwe. Zina faida lakini, kwani husema programu ni ya kilobaiti 16 au 32, na jambo hilo si dogo: prosesa ikiamka husoma kwanza anwani FFFC na FFFD, mwishoni kabisa mwa eneo lake, ili ijue ianzie wapi, na programu ya kilobaiti 16 iliyowekwa katika nusu ya chini peke yake huiacha ikisoma utupu, na kioo kikabaki cha rangi moja. Basi huandikwa mara mbili, chini na juu. Utangulizi huo huo husema pia kama kumbukumbu ya picha iungwe kwa ajili ya gemu iendayo upande au ipandayo juu; waya mmoja wa kuhamishwa, kati ya anwani ya 10 na ya 11 za njia ya picha, humaliza shauri. Ukikosewa, Super Mario Bros. hutembea vema hatua chache, kisha nchi ya mbele huchorwa juu ya ile anayoikanyaga.

Gemu hiyo ya mwaka 1985 ina kilobaiti 40 kamili, nao ndio mpaka wa kaseti hii. Super Mario Bros. 3, yenye kilobaiti 384 na chipu ya kubadilisha kurasa na kuhesabu mistari ya kioo, haiingii. Hiyo hudai mantiki ya kuandikwa katika FPGA, chipu ya kupangwa upya, kama zifanyavyo kaseti za EverDrive. Lakini gemu ya Micro Mages, iliyotungwa Ujerumani na kutolewa 2019, ilitiwa yote katika kilobaiti 40, na mwenye kununua faili lake hana deni kwa mtu.

Ipo pia njia ya EPROM, ile chipu yenye kidirisha cha kioo, ambayo hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Asiye na taa hiyo huweza kuianika juani, na watengenezaji hukadiria kwamba jua la moja kwa moja huifuta kwa muda wa juma moja. Jua la Simiyu halina ubahili. Ila mwenye kuandika gemu yake mwenyewe, akisahihisha mstari mmoja asubuhi na mwingine adhuhuri, atataka zile 62256, ambazo Arduino huzijaza upya kwa sekunde chache.