Siku Moja ya Televisheni ya Taifa Ikitazamwa Kutoka Kibiti

Katika makala hii twakusudia kuyapima matangazo ya siku nzima ya TBC1. Hatutapima kipindi kimoja kimoja, bali tutautazama mfululizo wake wote, kama vile tunavyoipima ibada kwa mpangilio wake na si kwa mahubiri peke yake. Anayesema kwanza, anayesema mwisho na anayenyamaza tangu mwanzo hadi baraka, wote hao ni sehemu ya maana ya ibada. Tumechagua kuitazama siku hiyo kutoka Kibiti na delta ya Rufiji, kwa kuwa taifa hujulikana zaidi pembezoni kuliko katikati.

Ndugu msomaji atakumbuka kwamba televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar waliipata mapema katika miaka ya 1970, bali Serikali ya Mwalimu Nyerere iliikataa kwa hoja kwamba ingewafaa wachache wa mijini na kuwaacha nyuma wengi wa vijijini. Vituo vya watu binafsi vilianza mwaka 1994. Televisheni ya taifa ikaja baada yao. Leo king'amuzi na sola vimeifikisha picha hata kwa mvuvi anayeishi kandokando ya mikoko, na asiye navyo hulipa kiingilio katika kibanda umiza ili atazame mpira. Kwa hiyo hoja ya Mwalimu juu ya nani atakayeona imepungua nguvu. Ambayo haijapungua ni hoja juu ya nani atakayesema.

Tuanze na sifa, kwa maana zinastahili. Asubuhi Jambo Tanzania huamsha nchi kwa habari na mazungumzo, mchana hupita elimu, burudani na ngoma, jioni michezo, saa 2 usiku taarifa ya habari. Mambo haya yote husemwa kwa Kiswahili, ambacho bibi wa Nyamisati anakielewa bila mkalimani. Ziko nchi nyingi barani Afrika ambazo televisheni ya taifa huhubiri kwa lugha ya mkoloni, na mwanakijiji hubaki kutazama midomo tu. Huu si wema mdogo. Sisi tuliolelewa na Matengenezo ya Kanisa, ambayo yaliweka Maandiko katika lugha ya watu, hatuna budi kuuheshimu.

Hata hivyo, kuielewa lugha si sawa na kupewa nafasi ya kuinena. Mwezi Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC itaacha kurusha moja kwa moja mijadala yote ya Bunge, kwa sababu ya gharama, na badala yake mambo yaliyorekodiwa yataonyeshwa usiku. Gharama ni kweli. Lakini tangu hapo palikuwa na mkono wa mtu wa tatu kati ya mbunge na aliyemchagua, mkono unaokata na kuunganisha. Kwa watu wa delta mkono huo haukuwa mgeni.

Delta huonekana lini? Mwaka 2017 jina la Kibiti lilitajwa mara kwa mara kwa sababu ya mauaji ya askari polisi na viongozi wa vijiji. Mwezi Aprili 2024 lilirudi, pamoja na Rufiji, kwa sababu ya mafuriko: mashamba yaliyozama, paa za nyumba juu ya maji, picha zilizopigwa kutoka juu. Kati ya misiba hiyo miwili, mtazamaji wa mbali angeweza kudhani kwamba huko hakuishi mtu.

Tena tuangalie mgawanyo wa kazi ndani ya habari ya msiba, mgawanyo ambao si wa kituo kimoja tu. Mkulima huulizwa amepoteza nini. Hueleza ekari, mpunga, kuku, godoro. Kisha huondolewa, na swali la sababu hukabidhiwa mwenye cheo au mtaalamu. Mwaka 2024 swali hilo lilikuwa zito. Bwawa la Julius Nyerere lilikuwa limeanza kujazwa maji Desemba 2022, na wako wakazi walioyahusisha mafuriko na maji yaliyofunguliwa kutoka bwawani. Serikali ilieleza kwamba mvua zilizidi, na kwamba bwawa lilipunguza madhara. Kuamua shauri hilo si kazi yetu. Tunasema tu kwamba aliyelowa alipewa kilio, na hoja akapewa aliye mkavu.

Hapo ndipo kitabu cha Ayubu kinapotuhusu. Tumezoea kukihubiri kama kitabu cha uvumilivu, na kwa kufanya hivyo tunamwachia Ayubu majivu na vigae tu. La hasha! Sehemu kubwa ya kitabu ni Ayubu akibishana juu ya sababu. Elifazi, Bildadi na Sofari walifanya vema walipoketi naye siku saba wakiwa kimya. Walikosea walipoanza kumfafanulia msiba wake. Mwishoni Mungu huwaambia wazi kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Basi mwenye msiba ni shahidi wa sababu pia, wala si wa maumivu peke yake. Wengi wa delta ni ndugu zetu Waislamu, nao wanamjua Ayubu kwa jina la Ayub. Hawahitaji sisi tumtambulishe.

Na Mrufiji ana la kusema. Maji ya mto kwake hayakuwa adui tangu awali. Yakishapungua, hulima mlau katika udongo ule uliolowa, hulinda mpunga akiwa juu ya dungu, na hujua kutofautisha maji yanayoleta rutuba na yanayokuja nje ya majira. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 alihamishiwa nyanda za juu katika Operesheni Rufiji, bila kuulizwa sana. Wengi waliendelea kushuka bondeni kulima.

Tena nchi hii iliwahi kujua njia nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kipindi hakikuishia katika kipaza sauti. Picha inaweza kufanya zaidi ya hayo ikitaka. Kamera ishuke Kibiti mwezi Julai, maji yakiwa yamepungua, imkute mkulima amesimama katika mlau wake, naye aulizwe lile lile aliloulizwa mtaalamu mwezi Aprili: maji yale yalitoka wapi, na mwakani tufanyeje?